Eksirei za Eta Carinae: Zinapatwa au Zinafifia?

Katika kufasiri matini za sayansi ya anga, neno moja huweza kubeba maelezo mazima. Katika toleo hili tunachukua mfano wa Eta Carinae, iliyo umbali wa takriban miaka 7,500 ya mwanga. Mwaka 1843 ilizidiwa mng'ao na nyota ya Sirius peke yake katika anga la usiku. Leo huonekana kwa macho matupu, upande wa kusini.

Inayoitwa nyota moja ni nyota mbili zinazozungukana. Kila moja hutoa "upepo", yaani si hewa, bali gesi inayosukumwa kwenda nje na nguvu ya mwanga wa nyota yenyewe. Upepo wa nyota kubwa ni mzito na huenda takriban kilomita 420 kwa sekunde. Wa mwenzake ni mwepesi na hufikia kilomita 3,000. Pepo hizo zinapogongana, gesi hupata joto la makumi ya mamilioni ya digrii na kutoa eksirei.

Njia ya nyota hizo ni duaradufu iliyorefuka sana. Zinapokaribiana eksirei huongezeka, kisha hushuka ghafla. Jambo hili hurudi kila baada ya takriban miaka mitano na nusu, muda ambao Mbrazili Augusto Damineli aliutangaza mwaka 1996. Eksirei zilishuka mwishoni mwa 1997, halafu 2003, 2009, 2014 na 2020.

Je, tuseme eksirei "zimepatwa", kama jua linavyopatwa? Neno hilo linadai kuwa kuna kitu kilichozikinga. Kwa sehemu ni kweli, kwani upepo mzito huzizuia zisitufikie. Lakini kama sababu ingekuwa kukingwa tu, muda ungelingana kila mara. Mwaka 2009 eksirei zilirudi mapema kuliko mwaka 1998 na 2003, na mwaka 2020 pia hazikuchelewa. Kwa hiyo, pepo zenyewe hubadilika, na huenda mgongano wenyewe hudhoofika kwa muda.

Tunapendekeza basi "kufifia" kwa kile kinachoonekana, na "kupatwa" pale tu panapokusudiwa kukingwa. Mwanafunzi akichanganya maneno hayo mawili, atakuwa ametoa jibu kabla ya kuuliza swali.