Rido nzuri, hewa nzuri: kupamba nyumba bila kuingiza hatari

Wewe mfanyakazi, na wewe mama wa nyumba, mmezoea kusoma hapa juu ya kofia ngumu, viatu vya kazi na mawe yanayoanguka. Leo tunaingia ndani ya nyumba. Tutasema juu ya rido, vitambaa, na viti vya zamani vinavyofanywa vipya. Msicheke. Mtu anayejilinda kazini saa nane, kisha analala katika chumba kibaya, bado hajajilinda.

Kupamba nyumba ni jambo zuri. Watoto wanafurahi, wageni wanaheshimu, na baba anayetoka kazini anapumzika vizuri. Na si lazima kuwa na pesa nyingi: kitenge kimoja, sanduku moja la mbao na akili kidogo vinatosha. Lakini kabla ya kuweka kitu chochote nyumbani, jiulize maswali mawili. La kwanza: kitu hiki kitazuia hewa? La pili: kitu hiki kimetoka wapi?

1. Dirisha na rido yake

Dirisha lina kazi mbili: kuingiza mwangaza na kuingiza hewa. Rido inayofunika dirisha mchana kutwa inaharibu kazi hizo zote mbili. Chumba chenye giza na unyevu ni chumba cha ugonjwa. Kifua kikuu kinaenea kwa hewa, na mtu ambaye mapafu yake yamekula vumbi la mawe miaka mingi anakipata kwa urahisi kuliko wengine. Kwa hiyo, katika nyumba ya mchimbaji, kufungua dirisha kila asubuhi ni dawa isiyouzwa.

Namna ya kufanya ni hii. Chukua fimbo ya rido iliyo ndefu kuliko dirisha, ipite sentimita 15 kila upande. Hivyo, unapofungua rido, kitambaa kinakwenda kukaa juu ya ukuta, na dirisha lote linabaki wazi. Rido iwe na upana wa mara moja na nusu ya fimbo, ndipo itakapokunjika vizuri.

Tufanye hesabu pamoja. Dirisha lako lina mita 1.20 kwa upana na mita 1.20 kwa urefu. Fimbo itakuwa ya mita 1.50. Kitenge kina upana wa karibu mita 1.15, basi vipande viwili vinatosha. Kwa urefu, hesabu mita 1.20 za dirisha, sentimita 10 juu, sentimita 15 chini, na tena sentimita 15 za kupindia. Jumla ni mita 1.60 kwa kila kipande, ndiyo mita 3.20 kwa vyote viwili. Pisi nzima ya yadi 6 ina karibu mita 5.50. Utabaki na mita 2.30 za kushonea mifuko ya mito ya viti, yenye rangi moja na rido. Lakini fua kitambaa kwanza na kukianika kabla ya kukata. Pamba inarudi ndani inapofuliwa, na rido iliyoshonwa bila kufuliwa itakuwa fupi baada ya mwezi mmoja.

Mwenye uwezo aweke rido mbili: moja nyepesi kwa mchana, inayopitisha hewa na kuficha macho ya jirani, na moja nzito kidogo kwa usiku. Kamba za rido zifungwe juu, mahali ambapo mtoto hafiki, maana mtoto anaweza kujinyonga nazo katika mchezo.

Neno moja juu ya mbu. Watu wengine wanachukua chandarua cha kitanda na kukikata kuwa rido. Ni hasara. Mbu wa malaria anauma usiku, wakati watu wamelala. Chandarua kibaki juu ya kitanda. Ikiwa unataka kufunga dirisha kwa mbu, pigilia waya wa mbu katika fremu ya mbao: hewa itapita, mbu hatapita.

2. Gazi isiyoonekana

Hapa tusikilizane vizuri. Lubumbashi, Likasi na Kolwezi ziko juu, mita 1,200 na zaidi. Katika mwezi wa sita na wa saba, usiku una baridi kali. Basi watu wanafunga dirisha, wanavuta rido nzito, wanasukuma kitambaa chini ya mlango, kisha wanaingiza mbabula ndani ya chumba cha kulala. Chumba ni kizuri na kina joto, lakini hewa haina tena njia.

Makala yanapowaka katika hewa kidogo, yanatoa gazi ambayo wachimbaji wanaijua kwa jina la CO. Haina rangi, haina harufu, haikoholeshi. Watu wengi wanasema: « Makala yameiva, hayana tena moshi, sasa tunaweza kuyaingiza. » Hilo ni kosa. Makala mekundu yasiyo na moshi bado yanatoa CO, hata yale yaliyofunikwa na majivu.

Gazi hiyo inafanyaje kazi? Damu yetu inabeba hewa safi kutoka mapafu na kuipeleka katika mwili wote. CO inashika damu kwa nguvu kupita hewa safi zaidi ya mara 200. Inachukua nafasi yote, na mwili unakosa hewa wakati mtu bado anapumua. Zamani, katika mashimo ya makaa ya mawe ya Uingereza, wachimbaji walishuka na ndege mdogo katika tundu. Ndege akianguka, wote walitoka mbio. Desturi hiyo ilikwisha katika mwaka wa 1986, mashini za kupima gazi ziliposhika kazi yake. Nyumbani kwako hakuna ndege wala mashini.

Dalili ni hizi: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kukosa nguvu, usingizi mzito. Watu wa chumba kimoja wakiumwa kichwa pamoja, wala hawana homa, fikiri upesi juu ya mbabula. Mara nyingi aliyelala haamki kusikia dalili hizo.

Ukimkuta mtu katika hali hiyo, fungua mlango na dirisha, mtoe nje kwenye hewa, kisha mpeleke hospitali mara moja, hata kama anasema amepata nafuu. Usipoteze wakati kwa kumnywesha maziwa au mafuta; hayaondoi gazi katika damu. Na wewe unayeokoa, usikawie ndani.

Kwa baridi, ongeza bulangeti, vaa soksi, lala na sweta. Mbabula ibaki nje.

3. Rido na moto

Umeme ukikatika, tunawasha buji. Upepo kidogo unasukuma rido juu ya buji, na nyumba inawaka. Weka buji ndani ya sahani au chupa pana, juu ya meza imara, mita 1 mbali na rido yote, na uizime kabla ya kulala. Jikoni, afadhali kutoweka rido kabisa.

Unataka kujua kitambaa ulichonunua sokoni ni cha namna gani? Vuta uzi mmoja, uende nje, uuchome kwa kiberiti. Pamba inawaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Nailoni inayeyuka na kuwa tone gumu. Tone hilo likianguka juu ya ngozi, linashikamana nayo na kuchoma sana. Vyote viwili vinashika moto, lakini nailoni isikaribie moto hata kidogo.

Mtu akiungua, mwagia maji safi ya baridi juu ya kidonda dakika 20, kisha nenda dispanseri. Usipake mafuta wala dawa ya meno.

4. Viti vya zamani, sura mpya

Haba na haba hujaza kibaba. Mlango wa zamani ukipata miguu minne unakuwa meza. Masanduku ya mbao yakipangwa na kupigiliwa yanakuwa kabati la vitabu vya watoto. Fotey iliyochanika inavikwa mfuko mpya wa kitenge, wenye vifungo nyuma ili uutoe na kuufua. Tairi mbili zikifungwa pamoja na kufunikwa ni kiti cha kukalia. Lakini usiiache nje, maana maji ya mvua yatakaa ndani na mbu watazaa humo.

Sasa lile swali la pili: kitu kimetoka wapi?

Mapipa na magunia ya kiwandani yasiingie nyumbani. Pipa lililobeba asidi, zantati au dawa nyingine ya kuoshea madini haliwi safi kwa sabuni na maji ya moto. Gunia lake haliwi rido, wala mkeka, wala mfuko wa mto. Mbao za masanduku ya baruti vilevile: zinaweza kushika mabaki yake. Nguo za kazi za zamani zisijaze mito ya viti. Zimejaa vumbi la kiwanda, na mtoto ataweka kichwa chake hapo. Tena, pipa la petroli au mafuta, hata tupu, usilikate kwa moto wa kuchomelea. Mvuke uliobaki ndani unaweza kulipuka.

Ukipata paleti za kusafirishia vitu, angalia alama iliyochomwa juu ya mbao. HT maana yake mbao zilitiwa joto tu. Hizo ni nzuri. MB maana yake zilitiwa gazi ya sumu ili kuua wadudu, ziache.

Kitanda au fotey iliyonunuliwa kwa mtu, ichunguzwe nje kabla ya kuingia. Tazama katika mishono na nyufa. Kunguni wanajificha hapo. Mwagia maji yanayochemka katika nyufa za mbao, na vitambaa vyote uvichemshe.

Rangi ya zamani inaweza kuwa na risasi, sumu inayoharibu akili ya watoto. Usiikwangue ikavu. Ilowanishe kwanza, fanya kazi nje, funika pua, watoto wawe mbali, na mabaki uyakusanye yote. Kabati refu lifungwe ukutani kwa chuma na msumari, maana watoto watalipanda kama ngazi.

Kabla ya kulala, tazama mambo haya:

– Mbabula iko nje?
– Buji imezimwa?
– Chandarua kimeshuka juu ya kitanda?
– Kuna nafasi ya hewa, juu ya dirisha au chini ya mlango?

Na asubuhi, kabla ya kufagia, vuta rido zote na kufungua madirisha. Ndipo hata jua litaona nyumba yako ilivyo nzuri.