Jina la babu katika karatasi za udongo

Wapendwa, si mara moja wala mbili, baada ya ibada, mtu hutujia na bahasha iliyokunjwa. Ndani yake mna kadi ya ubatizo, risiti ya kodi iliyoliwa na mchwa, pengine picha ya mzee aliyevaa koti la kuazima. Swali lake ni moja: nitaonyeshaje kwamba babu yangu alilima hapa? Huko Masisi na Walikale swali hili si la wapenda historia tu. Jibu lake laweza kuamua kama familia iliyokimbia itapokelewa tena shambani mwake, au kama mtoto atahesabiwa kuwa Mkongomani.

Tukumbuke sheria zetu zenyewe. Ile ya 1972 iliwatambua watu wenye asili ya Ruanda-Urundi waliokuwa wamekaa Kivu kabla ya tarehe iliyowekwa na sheria hiyo. Ile ya 1981 ikairudisha tarehe nyuma sana, mpaka 1 Agosti 1885. Ile ya 12 Novemba 2004 inatazama makabila ambayo watu wake na udongo wake vilifanya inchi iliyopata uhuru tarehe 30 Juni 1960. Babu yuko kaburini, lakini tarehe aliyopaswa kuwa amefika imehamishwa na kuhamishwa tena. Ndiyo sababu watu wanatafuta karatasi.

Utafutaji huanza kwa wazee, si ofisini. Uliza majina yote ya babu: lile la kuzaliwa, la ukoo, la ubatizo, na lile la utani ambalo kapita alimwitia. Mwandishi wa Kibelgiji aliandika alivyosikia, kwa hiyo jina moja laweza kuonekana kwa namna tatu katika kitabu kimoja. Tena mwaka 1972, wakati wa «authenticité» ya Mobutu, majina ya Kikristo yaliondolewa katika karatasi za serikali. Aliyeandikwa Petro mwaka 1955 hutamwona kama Petro mwaka 1975. Wengi hukata tamaa hapo wakidhani ni watu wawili.

Ukiisha kuwa na majina, jua pia jina la mahali kwa wakati ule. Jimbo la Kivu ya Kaskazini ni la 1988. Kabla ya 1933 Kivu yote ilikuwa chini ya Jimbo la Mashariki, ambalo makao yake yalikuwa Stanleyville. Kuanzia 1933 ikawa jimbo la Costermansville, yaani Bukavu ya leo. Na mwaka 1947 jimbo likaitwa Kivu. Anayetafuta «Nord-Kivu» katika karatasi za 1940 hatapata kitu. Sehemu kubwa ya karatasi hizo ilipelekwa Ubelgiji, na inawekwa Brussels katika hifadhi ya taifa. Kuna hifadhi ya taifa pia Kinshasa. Za teritwari zilizobaki huku kwetu zimepita moto, mvua na askari wa kila upande.

Sasa karatasi za udongo zenyewe. Tangu tarehe 1 Julai 1885, Dola Huru la Kongo lilitangaza kwamba udongo «usio na mtu» ni wa serikali. Mwaka 1928 ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, ambayo iligawia walowezi wa Kizungu mashamba makubwa. Kabla ya kumpa mlowezi udongo, afisa alipaswa kuuliza kama kuna wenyeji wenye haki juu yake, na kuandika alichoambiwa. Tunajua vema kwamba maulizo mengine yalifanywa kwa haraka na kwa woga. Hata hivyo, katika karatasi hizo ndimo unamopata wakuu wa vijiji, majina ya vijito, migomba iliyolipiwa fidia, na wakati mwingine jina la mwenye migomba. Mzungu aliandikwa ili apewe cheti. Babu yetu aliandikwa ili aondoke. Lakini ameandikwa.

Kwa Masisi kuna fungu jingine. Kuanzia 1937 hadi 1955 Wabelgiji walihamisha makumi ya maelfu ya Wanyarwanda kuja huku, kwa mpango ulioitwa Mission d'Immigration des Banyarwanda. Walihitaji watu wa plantasio, na Rwanda ilikuwa na njaa na msongamano. Sheferi ya Gishari iliwekwa juu ya udongo wa Wahunde, kisha ikaondolewa mwaka 1957. Mpango ule ulikuwa wa serikali, na serikali huandika. Lakini waliokuja wenyewe, kwa miguu, kumfuata shemeji au malisho, hawamo katika karatasi za mpango. Kutokuwamo humo hakumaanishi kwamba hawakuwako.

Mahali penye utajiri zaidi, kwa maoni yetu, ni mahakama. Amri ya 15 Aprili 1926 ilipanga mahakama za wenyeji, na mwandishi aliandika kesi katika kitabu: nani anamdai nani, kwa nini, mashahidi ni nani, mwami ameamua nini. Kesi nyingi zilikuwa za mahari, mbuzi na mipaka. Mtu maskini ambaye hakuwa na cheti chochote alikwenda mahakamani kwa sababu ng'ombe wa jirani alikula mtama wake, na hapo jina lake likabaki pamoja na kijiji chake na tarehe.

Huko Marekani, wanaotafuta babu wa wakati wa ukoloni wa Waingereza, kwa mfano Virginia, wanajua jambo hili. Hati zao za zamani zilieleza mpaka kwa mti, mto na shamba la fulani. Kwa hiyo husoma majina ya majirani na mashahidi kama wanavyosoma jina la babu mwenyewe. Nasi tufanye hivyo. Kama babu hayumo, mtafute yule aliyepakana naye.

Walikale ni tofauti. Mashamba ya walowezi hayakuenea kule kama Masisi, kwa hiyo vyeti vya udongo ni vichache. Tafuta zaidi katika kodi, kazi ya barabara, na makampuni ya madini, ambayo mwaka 1976 yaliunganishwa kuwa SOMINKI. Tena Wanyanga wana kumbukumbu ya mdomo isiyo ndogo: mwaka 1956 Candi Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck hadithi ya Mwindo kwa siku nyingi. Mzee anayetaja vizazi saba bila kusita ni shahidi, na aandikwe akingali hai.

Msisahau vitabu vya kanisa. Ubatizo, ndoa, na hata orodha ya waliotengwa na meza ya Bwana, vina jina, kijiji na tarehe. Wachungaji wanaoviweka chini ya kitanda, tunawaomba wavipige picha wiki hii.

Na wasiopata kitu? Katika Ezra 2 tunasoma juu ya watu waliorudi kutoka uhamishoni, wakatafuta majina yao katika orodha ya vizazi wasiyaone, wakawekwa kando na ukuhani. Lakini walirudi pamoja na wengine. Hakuna aliyewafukuza Yerusalemu. Tunasema hivi kwa sababu tumeona karatasi ya babu ikitumiwa kumfukuza jirani ambaye babu yake hakujua kuandika. Sheria ya udongo ya 20 Julai 1973 iliahidi amri ya rais juu ya mashamba ya kimila, na amri hiyo haijatoka mpaka leo. Kwa hiyo karatasi ya 1948 peke yake haitoi shamba. Inasaidia mbele ya mwami, mbele ya hakimu, au mezani pa upatanisho, ikiwa na mashahidi wa pande zote mbili.

Yeremia aliponunua shamba la Hanameli huko Anathothi, mji ukiwa umezungukwa na adui, alimwagiza Baruku aweke hati mbili katika chombo cha udongo ili zidumu siku nyingi, moja iliyotiwa muhuri na moja iliyo wazi. Ninyi mlio kambini na bahasha yenu, fanyeni nakala: moja kwenu, moja kwa ndugu aliye mji mwingine, na moja kwa mchungaji. Nyuma ya kila nakala andikeni nani aliwapa karatasi hiyo, na lini.