Ruzuku za Miji Marekani: Asasi Ndogo Zakwama Baada ya Kushinda

Mkurugenzi wa asasi inayohudumia familia za Kikongo katika mji mmoja wa Marekani anasema shida yake haikuwa kunyimwa ruzuku. Aliipata. Baraza la jiji lilipitisha ombi lake, mkataba ukasainiwa, na ndipo taabu ilipoanza, kwa sababu jijini kwake fedha hizi za serikali kuu za maendeleo ya jamii hazitolewi mkononi. Unatumia kwanza, unadai baadaye. Alilipa mishahara, pango na nauli za wanafunzi wa darasa la Kiingereza kwa fedha za kuazima, kisha akawasilisha madai na viambatisho vyote: karatasi za saa za kazi, risiti, taarifa za benki. Faili likarudishwa kwa kukosa saini moja. Anasema malipo yalichukua miezi, na mwenye nyumba hakuwa tayari kungoja. Ameomba asitajwe, maana mwakani ataomba tena.

Kwenye asasi za wahamiaji kilio hiki si kigeni, ila hakiingii kwenye taarifa za mwaka za jiji. Taarifa hizo huonyesha nani alipewa na kiasi gani. Hazionyeshi nani aliacha kuomba.

Mpango wenyewe wa ruzuku hizi za maendeleo ya jamii ulizaliwa na sheria ya 1974, na miaka ya karibuni umekuwa ukigawa takriban dola bilioni 3.3 kwa mwaka. Miji yenye watu 50,000 na zaidi hupata fungu lake kwa kanuni inayopima mambo kama idadi ya watu, umaskini na umri wa nyumba. Ugomvi uko ndani ya jiji. Tuchukue mji unaopata dola milioni 2. Mipango na usimamizi vinaweza kuchukua hadi asilimia 20, yaani dola 400,000. Huduma za jamii, kuanzia madarasa na malezi ya watoto hadi ushauri wa kisheria, kwa kawaida haziruhusiwi kuvuka asilimia 15, yaani dola 300,000, na asasi nyingi zinabanana humo. Sehemu kubwa iliyobaki huenda kwenye ukarabati wa nyumba, barabara na mabomba, mara nyingi chini ya idara za jiji lenyewe.

Ofisa mmoja anayesimamia fedha hizi anajibu kwa takwimu: sheria inataka angalau asilimia 70 ya matumizi iwafae wenye kipato cha chini na cha kati, na jiji lake, anasema, huvuka kiwango hicho. Huenda ni kweli. Lakini njia ya waenda kwa miguu ikijengwa kwenye mtaa ambao asilimia 51 ya wakazi wana kipato hicho, kwa kawaida gharama yake yote huhesabiwa kuwa imewafaa. Asilimia 70 ya namna hiyo haitoshi kunishawishi. Darasa la Kiingereza lina kazi nyingine: kukusanya taarifa za kipato na ukubwa wa familia za wanafunzi. Wazee na wasio na makazi huchukuliwa moja kwa moja kuwa ni wenye kipato cha chini. Mkimbizi, kwa ukimbizi wake peke yake, hayumo kwenye orodha hiyo.

Kuna pia shinikizo la muda. Siku 60 kabla ya mwaka wa mpango kwisha, salio la jiji halitakiwi kuzidi mara 1.5 ya mgawo wa mwaka. Anayekimbizana na tarehe hiyo atavutiwa zaidi na mradi wa lami unaomaliza fedha msimu mmoja kuliko asasi inayodai kidogo kidogo.

Mikutano ya hadhara ipo kwa mujibu wa sheria, lakini anayefanya zamu ya usiku kiwandani hafiki. Baadhi ya asasi changa huomba chini ya mwavuli wa shirika kubwa, ambalo nalo hukata fungu lake.

Nilichokiona kizito kuliko yote ni hiki: kanuni za serikali kuu zinaruhusu malipo ya awali kwa asasi zenye utaratibu mzuri wa fedha. Kudai kila mtu atangulize fedha zake ni uamuzi wa miji. Ofisa yule anasema wakaguzi wakikuta kasoro, jiji ndilo hurudisha fedha. Hoja hiyo ina uzito, lakini mzigo wake wote umewekwa juu ya asasi zisizo na akiba.

Mbele hakutabiriki. Katikati ya miaka ya 1990 mpango huu ulikuwa na zaidi ya dola bilioni 4, kabla hata ya kuhesabu mfumuko wa bei. Tangu 2017 Ikulu ya Marekani imependekeza mara kadhaa kuufuta, na mapendekezo ya mwanzo Bunge liliyakataa. Fungu likizidi kusinyaa, miji huenda ikabana masharti badala ya kuyalegeza. Malipo ya awali, walau ya robo ya mkataba, yanaweza kuamuliwa na baraza la jiji bila kungoja Washington, lakini kwa maelezo ya ofisa huyu, jijini kwake jambo hilo bado halijafika mezani.