Kusoma Siyo Kukariri

Nikisema nasomea ualimu wa elimu ya awali na msingi, wenzangu hostelini hucheka: "Yaani miaka mitatu chuoni ili ukafundishe a, e, i, o, u?" Na mimi nilidhani ni kazi nyepesi, mpaka nilipokwenda mazoezi ya kufundisha nikapangiwa Darasa la Kwanza.

Kulikuwa na mtoto mmoja aliyenisomea ukurasa mzima bila kukwama. Nikampa vema, na mama yake alipokuja kumchukua nikamwambia, "Mama, huyu anajua kusoma." Wiki iliyofuata niliandika ubaoni maneno yaleyale, ila nikayapangua. Kimya. Kumbe ukurasa alikuwa ameushika kichwani kama wimbo, na picha ndizo zilizokuwa zinamkumbusha.

Mtaala wa Darasa la Kwanza na la Pili ulioanza kutumika 2015 uliweka mkazo kwenye KKK: kusoma, kuandika na kuhesabu. Ukisikia hivyo ni vitu vitatu tu, lakini ndani yake kuna ngazi nyingi. Kwanza mtoto asikie kwamba neno "kata" lina vipande viwili, ka na ta. Kisha aunganishe sauti na herufi, silabi ziwe neno, maneno yawe sentensi. Kiswahili kinatubeba, maana "ba" husomeka "ba" popote uikute. Jasho linaanza kwenye ng', ny na mbw. Na hata akisoma "mbwa amekula samaki", hajamaliza mpaka akuambie nani kaliwa.

Kuhesabu nako kuna mitego. Kumi na moja inajieleza yenyewe: kumi, ongeza moja. Lakini ndani ya ishirini husikii mbili, wala ndani ya hamsini husikii tano, kwa sababu majina hayo tumeyatoa kwenye Kiarabu. Kwa hiyo mtoto akitoka ishirini na tisa akasema "ishirini na kumi", usimcheke. Kanuni ameifuata vizuri, jina la thelathini ndilo hana.

Mtoto anayekariri anaweza kupita hivihivi. Akifika Darasa la Tatu, kila somo linamtaka asome mwenyewe, na hapo ndipo ataitwa mzito. Nilimfuata yule mama nikamwambia ukweli. Hakufurahi. "Sasa mwalimu, juzi si ulisema anajua?" Sikuwa na la kujibu zaidi ya samahani.

Tukaanza upya kwa kadi za silabi, dakika 10 kila siku baada ya vipindi. Mpaka naondoka alikuwa anatofautisha "kata", "taka" na "kaka". Ukurasa mzima alikuwa bado.

Basi ukienda nyumbani likizo, mdogo wako akikusomea kitabu, usikimbilie kumpigia makofi. Funika picha, nyooshea neno la katikati, umuulize: hapa pameandikwa nini?