Mnazi, Mwembe na Majina ya Tishu za Mimea

Kiswahili cha pwani kina majina mengi ya viungo vya mnazi. Upongoo ni uti wa kuti zima. Chelewa ni uti mwembamba wa ukuti mmoja, ambao hufungwa ufagio. Kilifu ni ile nguo ya nyuzi izungukayo makuti machanga. Karara ni ala ngumu ya maua. Kumbi ni ganda la nyuzi, na kifuu ni gamba gumu lililo ndani yake. Majina haya yote ni ya vitu vionekanavyo kwa jicho na kushikika kwa mkono. Elimu ya mimea hutaka pia majina ya vitu visivyoonekana ila kwa hadubini, na hapo ndipo mfasiri huingia mashakani. Makala haya yaeleza jinsi mwili wa mmea wenye mishipa ulivyojengwa, na kwa nini maneno mawili ya kigeni, zailemu na floemu, hayawezi kuondolewa na mahali pake kuwekwa ubao na gome.

Mimea yenye mishipa ni pamoja na makangaga, misonobari na mimea yote itoayo maua. Viungo vyake vikuu ni vitatu: mzizi, shina na jani. Kila kiungo kimejengwa kwa tishu, yaani makundi ya seli zishirikianazo kazi, na tishu hizo hugawanyika mafungu matatu. La kwanza ni tishu ya ngozi, ifunikayo mmea kwa nje. Katika jani hupakwa nta ili maji yasipotee, tena ina vitundu vidogo vya kupitishia hewa. La pili ni tishu ya msingi, ijazayo nafasi iliyobaki. Katika jani hutengeneza chakula kwa nuru ya jua, na katika kiazi kikuu huweka akiba ya wanga. La tatu ni tishu ya mishipa. Neno mshipa lafaa sana hapa, madhali msemaji wa Kiswahili huliita hivyo karibu kila jambo mfano wa uzi au mrija lipitalo mwilini.

Mishipa hiyo ina sehemu mbili zisizofanana. Zailemu hupandisha maji na chumvi kutoka mizizini. Seli zake za kupitishia maji, zikishakomaa, hufa na kubaki mirija mitupu yenye kuta ngumu, na maji huvutwa juu kwa sababu majani huyatoa hewani kama mvuke. Floemu huchukua sukari kutoka majanini na kuipeleka popote inapohitajiwa, iwe mzizini, tundani au kwenye chipukizi. Seli zake za kupitishia sukari zi hai, ingawa hazina kiini, na kila moja husaidiwa na seli jirani yenye kiini. Basi zailemu hufanya kazi yake kwa seli zilizokufa, na floemu kwa seli zilizo hai.

Maneno haya mawili yalitungwa mwaka 1858 na Carl Nägeli, mtaalamu wa mimea kutoka Uswisi. Aliyatoa katika Kigiriki, ambamo asili ya moja ni neno la ubao, na ya la pili ni neno la gome. Mtu aweza kuuliza: ikiwa Nägeli alichukua maneno ya kawaida ya Wagiriki, Kiswahili kina upungufu gani hata kisitumie maneno yake yenyewe?

Mwembe huelekea kumwunga mkono muulizaji. Katika shina lake zailemu iko ndani, nayo ndiyo ubao; floemu iko nje, katika gome la ndani. Kati yake pana utando mwembamba wa seli zigawanyikazo, uitwao kambiamu, ambao huongeza ubao upande wa ndani na gome upande wa nje, hata shina likanenepa. Kwa hiyo mtu akibandua gome kulizunguka shina, sukari haishuki tena mizizini, na mti hufa polepole kwa njaa ya mizizi. Katika karne ya 17 Marcello Malpighi, Mwitalia, alibandua magome hivyo, akaona shina limevimba juu ya jeraha.

Lakini mnazi wakataa. Shina lake halina kambiamu. Mishipa imetapakaa ndani kama nyuzi nyingi zilizosimama, na kila fungu la mishipa lina zailemu yake na floemu yake pamoja. Unene wa shina hupimwa mapema, penye kilele, na baada ya hapo shina huzidi hasa kwa urefu. Ndiyo sababu vipandio vilivyokatwa kwa ajili ya mkwezi haviui mnazi, wala havifungiki vikapona kama jeraha la mwembe. Anayeita floemu gome husema kweli kuhusu mwembe, na husema uongo kuhusu mnazi.

Jambo hili si ubishi wa wenye kamusi tu. Katika pwani ya Kenya, Tanzania na Msumbiji yapo maradhi yauayo minazi: nazi huanguka kabla ya wakati wake, maua huwa meusi, makuti hugeuka manjano na kuanguka, hata likabaki shina tupu kama nguzo ya simu. Yaletayo maradhi ni vijidudu viitwavyo fitoplazma, navyo hukaa ndani ya floemu. Mwandishi wa kijitabu cha wakulima akiandika kwamba ugonjwa uko katika gome, mkulima mwenye akili atachukua panga akwangue shina kwa nje, na kazi yake itakuwa bure. Kosa si la mkulima. Ni la neno.

Neno utomvu nalo lataka uangalifu. Katika mazungumzo hutajwa kwa maziwa ya mpapai na kwa majimaji mengine ya mti. Lakini maziwa hayo yana mirija yake yenyewe. Mgema akatapo karara changa la mnazi hupata maji matamu ya floemu, ambayo sukari yake ni kadiri ya asilimia 15, na yakichacha huwa tembo. Maji ya zailemu aghalabu hayana utamu huo. Yafaa basi kitabu cha shule kisiache neno utomvu peke yake, bali kiseme utomvu wa floemu, maji ya zailemu, au maziwa ya mti.

Kwa ufupi, majina ya viungo Kiswahili kinayo tele, na hapana haja ya kukopa. Majina ya tishu ni jambo jingine. Ubao na gome yabaki na maana zake za siku zote, na zailemu na floemu yatumike kwa mishipa, popote ilipo shinani. Kila istilahi mpya ya mimea ijaribiwe kwa mwembe na kwa mnazi pia. Ikifaa kwa mmoja tu, bado haijawa istilahi.