Kodi ya Kaboni Ulimwenguni, VAT Nyumbani

Mkutano wa Afrika kuhusu Tabianchi ulifungwa Nairobi tarehe 6 Septemba 2023. Siku nane baadaye EPRA, mamlaka inayosimamia nishati nchini Kenya, ilitangaza bei mpya za mafuta: lita ya petroli jijini humo ingeuzwa shilingi 211.64. Bei ilikuwa haijawahi kuvuka 200. Mafuta yalikuwa yamepanda duniani na shilingi imedhoofika, lakini ndani ya bei hiyo mlikuwamo pia VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya asilimia 16, ambayo Sheria ya Fedha ya mwaka huo ilikuwa imeiongeza maradufu.

Rais William Ruto yumo katika mambo yote mawili. Alifika kwenye ukumbi wa KICC akiendesha mwenyewe kigari cha umeme, kisha akawaongoza viongozi wenzake kupitisha Azimio la Nairobi, linalotaka kodi ya kaboni ya dunia nzima itozwe biashara ya mafuta, usafiri wa meli na wa ndege. Mwezi Juni mjini Paris alikuwa amekwenda mbali zaidi: fedha za aina hiyo zisimamiwe na chombo kisichotawaliwa na nchi yoyote moja, zisije zikafuata maslahi ya wenye hisa kubwa katika taasisi za fedha za kimataifa. Hoja hiyo ni nzito. Afrika inachangia sehemu ndogo sana ya hewa ukaa duniani, na bado inakopa kwa masharti magumu. Februari 2024 Kenya ilikopa dola bilioni 1.5 kwenye masoko ya kimataifa kwa gharama ya zaidi ya asilimia 10 kwa mwaka, ili ipate kulipa mkopo mwingine uliokuwa ukiiva.

Basi na kodi za nyumbani zipimwe kwa kipimo hichohicho: nani anasimamia fedha, na zinakwenda wapi. VAT ya mafuta huingia katika Mfuko Mkuu wa Serikali, ikachanganyika na mapato mengine kulipa mishahara, riba na kila kitu kingine. Si kwamba Kenya haijui kutenga fedha. Tozo ya matengenezo ya barabara, inayokatwa kwenye kila lita ileile, ina mfuko wake kisheria. Mwenye gari anaweza kuuliza fedha za barabara zimekwenda wapi, na kuna hesabu za kumjibu. Kwa VAT, swali kama hilo kuhusu mazingira halina pa kuanzia.

Jambo la kutazamwa kwa makini zaidi ni jinsi sababu za mazingira na za mapato zilivyobadilishana nafasi. Alipoapishwa tarehe 13 Septemba 2022, Ruto alitangaza kwamba ruzuku ya mafuta imewagharimu walipa kodi shilingi bilioni 144, na akaanza kuiondoa. Wataalamu wa tabianchi wamekuwa wakidai hatua ya namna hiyo kwa miaka mingi, kwa kuwa ruzuku ya petroli humnufaisha zaidi anayechoma mafuta mengi. Ruto aliieleza kama suala la matumizi ya serikali, na Agosti 2023, bei zilipobana, sehemu ya ruzuku ikarudi. Mwaka 2024 mambo yakageuka. Mswada wa Fedha ulileta ushuru wa mazingira kwenye bidhaa kama nepi, simu na matairi, wakati Hazina ikisaka mapato mapya ya shilingi bilioni 346. Mswada huohuo ulipendekeza kuondoa pikipiki na mabasi ya umeme, pamoja na betri za lithiamu, kwenye kundi la VAT ya kiwango cha sifuri. Kundi hilo lina maana kubwa kwa kiwanda: bidhaa inauzwa bila kodi, na mtengenezaji anarudishiwa VAT aliyolipa kwenye malighafi. Ikitolewa humo, ama kodi inaongezwa kwenye bei au haki ya kurudishiwa inapotea, na kwa vyovyote mwendesha bodaboda anayetaka kuachana na petroli ndiye anayelipa.

Vijana walioujaza mji tarehe 25 Juni 2024 kuupinga mswada huo walikuwa na malalamiko mengi kuliko ushuru huo, na wengine waliuawa siku hiyo. Kesho yake rais alikataa kuutia saini mswada. Julai alitangaza kwamba pengo la bilioni 346 litazibwa kwa kupunguza matumizi kwa bilioni 177 na kukopa kiasi kilichobaki. Ushuru wa mazingira ukaondoka na mswada wake, kabla nchi haijajadili kwa utulivu kama taka za kielektroniki zinahitaji tozo, ya kiasi gani, na iwekwe kwenye mfuko upi.

Mjadala huo bado unadaiwa. Katika ahadi iliyoipeleka Umoja wa Mataifa mwaka 2020, Kenya ilikadiria kwamba mpango wake wa tabianchi hadi 2030 utagharimu dola bilioni 62, na ikaahidi kubeba asilimia 13 yenyewe. Hizo ni takriban dola bilioni 8. Mbunge anayepokea makadirio ya bajeti kila mwaka ana haki ya kuonyeshwa, fungu kwa fungu, fedha hizo zilipo.