Gunnar Knudsen na Marejeo ya Maporomoko ya Maji Nchini Norwe

Katika lugha ya Kinorwe kuna neno hjemfall. Tukilichambua, sehemu yake ya kwanza ni "nyumbani" na ya pili ni "kuanguka". Lakini katika sheria lina maana ya mali iliyotolewa kwa muda kumrudia mwenyewe muda huo uishapo. Tunapendekeza kulifasiri "marejeo", ingawa hivyo tunapoteza ile nyumba iliyomo katika neno la asili. Makala haya yanaeleza jinsi neno hilo lilivyofungamana na maisha ya kisiasa ya mhandisi mmoja, Gunnar Knudsen.

Knudsen alizaliwa mwaka 1848 katika jamaa ya wenye merikebu. Alisomea uhandisi huko Göteborg, Uswidi, kisha akaendesha biashara ya meli pamoja na ndugu yake. Mwaka 1885 kiwanda chake cha Laugstol, mjini Skien, kilichosaga miti kwa ajili ya karatasi, kilianza kuwauzia wenyeji umeme uliotokana na maji, mradi unaohesabiwa kuwa wa kwanza wa aina hiyo nchini humo. Hivyo alipoingia Bungeni mwanzoni mwa miaka ya 1890, kwa chama cha Venstre, alikwisha kuijua thamani ya poromoko kwa kazi, si kwa kusimuliwa.

Mwaka 1905 Norwe ilijitenga na Uswidi. Knudsen, aliyekuwa Waziri wa Fedha, alijiuzulu kwa sababu alitaka jamhuri, wala si mfalme mpya. Wakati huo makampuni yenye mitaji ya kigeni yalikuwa yakiyanunua maporomoko kutoka kwa wakulima. Sheria ya dharura ya 1906 iliwazuia wageni kununua bila kibali. Knudsen, akiwa Waziri Mkuu tangu 1908, na Johan Castberg akishika Wizara ya Sheria, alikwenda mbali zaidi: kwa sheria ya 1909 kampuni ilipewa kibali cha miaka 60 hadi 80, na baada yake maporomoko, mabwawa, mabomba na mitambo vilikuwa mali ya dola bila fidia.

Wapinzani, wengi wao wenye mali kama yeye, waliuita huo unyang'anyi. Kwa maoni yetu hesabu ya mhandisi ilikuwa na nguvu kuliko kelele hizo, kwani katika miaka 60 mtaji hurudi na faida yake, mashine huchakaa, bali mto ungali unatiririka. Mwaka 1918 Mahakama Kuu iliamua kwamba sharti hilo halivunji katiba. Knudsen alikuwa ameshika tena uwaziri mkuu, kuanzia 1913 hadi 1920. (Hakuwa mtabiri katika kila jambo: Februari 1914 aliliambia Bunge kwamba anga la siasa za dunia halina mawingu.)

Alifariki mwaka 1928. Mwaka 2007 Mahakama ya EFTA iliona kwamba sharti la marejeo, kwa kuyabana makampuni ya watu binafsi na kuyaachia yale ya umma, lilikiuka mkataba wa Eneo la Uchumi la Ulaya. Norwe haikuyafuta marejeo. Mwaka 2008 ilibadili sheria, na vibali vipya vya maporomoko makubwa vikawa haki ya mashirika ya umma peke yake.